Saa za Kusoma Ziombe Nyumbani

Kila mtu anaposikia kwamba nilisoma shahada nikiwa mwalimu wa shule ya msingi, mke wa mtu na mama wa watoto watatu, huniuliza swali lilelile: muda uliupata wapi? Sikuupata popote. Niliuchukua kwa watu wa nyumbani kwangu, na miaka miwili ya mwanzo niliuchukua bila kuwaomba. Ndiyo maana nawaandikia ninyi mlio na fomu ya chuo mkononi, mna kazi, mna familia, na mmeanza kujipa moyo kwamba mambo yatajipanga yenyewe mbele ya safari. Huko mbele nimefika. Hayajipangi yenyewe.

Tuanze na hesabu, maana wengi tunaikwepa. Juma lina saa 168. Ukilala saa saba kila usiku, 49 zimekwenda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida za kazi kwa juma. Tuchukue hizo, zinabaki 74. Halafu kuna barabara. Mimi nilikaa Chanika nikifundisha Buguruni. Asubuhi daladala ya kupitia Pugu na Gongo la Mboto, jioni njia ileile, na siku ambayo foleni haikuwa mbaya nilitumia saa mbili na nusu kwenda na kurudi. Jumamosi tulikuwa na darasa la saba, kwa hiyo piga siku sita: saa 15. Zinabaki 59. Kupika, kufua, kuoga, kula, kukagua madaftari ya watoto, kwenda ibadani, kumsikiliza mwenzako anapokueleza yaliyomsibu kazini, weka saa tano kwa siku, na hapo umejibana sana. Ni 35. Zimebaki 24. Nusu ya hizo waachie misiba, wagonjwa, mgeni aliyeshuka kutoka kijijini bila taarifa, umeme uliokatika, mtoto aliyeamka na homa. Zako ni 12.

Saa 12 kwa juma si haba ukizitunza. Sasa ziweke kando ya kile ambacho chuo kinakudai. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Humo mna kuhudhuria, kusoma mwenyewe na kufanya kazi unazopewa. Mwaka mmoja wa masomo ya shahada una krediti 120, yaani saa 1,200. Ukisoma saa 12 kwa juma, majuma 50 ya mwaka, umefikisha 600. Kwa hiyo shahada inayotangazwa kuwa ya miaka mitatu, kwako wewe ni ya miaka sita.

Naomba usiuruke mstari huo. Watu wenye akili nzuri kabisa wameacha masomo katikati na kujiita wajinga, kumbe walikuwa wanabeba mzigo wa mtu asiye na kazi wala mtoto. Ujinga haukuwepo hapo. Ilikuwa hesabu ambayo hakuna aliyeipiga.

Habari njema ni kwamba kuna mahali pametengenezwa kwa ajili ya mwendo huo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha 1994, kwa lengo hasa la kumfuata mwanafunzi aliko, na kina vituo mikoani. Vyuo vingine vina madarasa ya jioni au ya mwisho wa juma. Popote utakapokwenda, uliza maswali mawili kabla ya kuuliza ada: naruhusiwa kuchukua masomo machache kiasi gani kwa mwaka, na kikomo cha kumaliza ni miaka mingapi? Uliza pia kama chuo kinatambuliwa, TCU kwa vyuo vikuu na NACTVET kwa vyuo vya kati na ufundi, na usiridhike na bango la barabarani. Jibu la kikomo cha miaka lipate kwa maandishi.

Mimi hesabu hiyo sikuipiga. Nilijisajili masomo yote ya mwaka kama kijana aliyetoka kidato cha sita jana, nikasema nitajibana. Nilijibana kweli. Nilirudi saa kumi na mbili jioni, nikaingia chumbani na moduli zangu, nikafunga mlango. Nje ya ule mlango maisha yaliendelea, wala sikuuliza yanaendeshwa na nani. Sufuria zilisikika, mdogo aliogeshwa, chakula kilikuja mezani. Nikaona mambo yanakwenda.

Mwezi wa sita wa mwaka wa pili nikaletewa ripoti ya binti yangu mkubwa, aliyekuwa darasa la sita. Mwaka uliotangulia alikuwa wa nne darasani. Sasa alikuwa wa 31. Nilichukua madaftari yake nikayapanga kitandani kama ninavyokagua ya wanafunzi wangu. La hisabati lilikuwa na kazi za nyumbani zilizoanzwa na kuachwa njiani: swali la kwanza limefanywa vizuri, la pili nusu, la tatu namba tu. La sayansi lilikuwa na alama ya kidole chenye unga pembeni ya ukurasa. Niliitambua mara moja. Ni alama ya mtu aliyekuwa anasonga ugali, akakimbilia daftari kuandika mstari mmoja, akarudi jikoni. Chini yake mwalimu ameandika kwa kalamu nyekundu: "Mzazi fuatilia." Mzazi ndiye mimi, na nilikuwa chumba cha pili.

Msimu uleule matokeo yangu yakatoka. Sapu tatu, yaani mitihani mitatu ya kurudia.

Niliumia, lakini zile sapu hazikuniumiza kama lile daftari. Saa zangu za kusoma alizilipa mtoto wa miaka 12, na hakuna aliyemuuliza kama anazo za kutoa. Tangu hapo nimezungumza na wanafunzi watu wazima wengi, wake kwa waume, na karibu kila nyumba nimekuta kuna mtu wa namna hiyo. Mara nyingi ni binti mkubwa. Pengine ni dada wa kazi, anayeamka saa kumi alfajiri na kulala saa tano usiku kwa mshahara uleule wa zamani. Mara nyingine ni mke, ambaye mumewe "amekwenda kusoma" kila jioni na kila Jumamosi, na yeye ameachiwa nyumba nzima kana kwamba ni mjane. Kabla hujafungua kitabu, mtafute huyo mtu nyumbani kwako. Yupo.

Basi tuliitisha kikao. Nasema kikao kwa maana ile tunayoijua: watu wote wamekaa, televisheni imezimwa, jambo limetajwa. Alikuwepo mume wangu, watoto wawili wakubwa, dada wa kazi, na mama mkwe aliyekuwa amekuja kutibiwa macho. Niliwaomba radhi kwanza, nikianza na binti yangu. Kisha nikawaambia ukweli ambao sikuwahi kuwaambia: kwamba nitapunguza masomo hadi nusu, na kwamba safari iliyobaki ni miaka mitano.

Mama mkwe akahesabu kimya, akasema, "Miaka mitano, mama? Mtoto akizaliwa leo atakuwa anakwenda chekechea." Kisha akauliza, "Na baada ya hapo unakuwa nani?" Nilimweleza. Sikuwa nimewahi kumweleza mtu yeyote pale nyumbani kwa lugha nyepesi kwa nini nasoma: mshahara utapanda kiasi gani nikibadilishiwa muundo wa utumishi, nataka kufundisha wapi, na kwa nini jambo hilo limo moyoni tangu nilipokosa nafasi ya kidato cha tano. Walinisikiliza. Watu wako hawawezi kusaidia kubeba mzigo ambao hawaujui jina.

Tulikubaliana mambo matatu, na ningekushauri nawe uyaweke mezani. La kwanza ni saa zenyewe. Usiseme "nitakuwa nasoma jioni", maana jioni ni kubwa na kila mtu ataikata anavyotaka. Sema Jumanne na Alhamisi saa mbili hadi saa nne usiku, Jumatatu hadi Ijumaa saa kumi hadi saa kumi na moja alfajiri, Jumapili mchana kwa muda wa saa tatu. Hizo ni saa 12. Mume wangu aliziandika kwa kalamu ya rangi na kubandika kwenye mlango wa friji, na nje ya saa hizo mlango wa chumba ulikuwa wazi.

La pili ni kazi zipi zinahama kutoka kwako na zinakwenda kwa nani, kwa majina. Hapa ndipo vikao vingi huishia kwenye "tutasaidiana", na tutasaidiana ya namna hiyo humwangukia binti. Kwetu Jumanne mume wangu alipika. Hakuwa anajua zaidi ya chai na mayai. Baada ya mwaka mmoja watoto walikuwa wanaulizia dagaa wake wa nazi. Alhamisi alikuwa kijana wangu wa darasa la nne akisimamiwa na dada. Jumapili asubuhi tulichemsha maharage ya juma zima kwenye sufuria moja kubwa, tukayagawa kwenye makopo na kuyagandisha. Siku ya kazi ilibaki kuunga tu. Dada wa kazi tulimwongezea mshahara, na tukampa Jumamosi alasiri yake mwenyewe. Jumamosi hizo alizitumia kujiandaa na Mtihani wa Maarifa, ule unaomfungulia mtu asiyesoma sekondari njia ya kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Alifaulu alipoufanya mara ya pili. Nalitaja hilo kwa furaha kubwa.

La tatu ni kitu ambacho masomo hayatakigusa hata iweje. Kila nyumba ina chake. Mume wangu aliomba chakula cha jioni: hakuna moduli, hakuna simu, hakuna kusema "nakuja" halafu usije. Binti yangu aliomba nikague hesabu zake mimi mwenyewe, si mtu mwingine. Nilikubali yote mawili, na hata juma la mtihani sikuyavunja. Nadhani ndiyo yaliyotuokoa, maana mtoto akishajua kwamba dakika zake 20 zipo, hukuachia saa mbili bila kinyongo.

Nje ya nyumba kuna jamii, na sisi hatuishi kama visiwa. Hapa watoa ushauri wa kigeni huwa hawana la kutuambia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Msiba usiukose. Akifiwa jirani, mfanyakazi mwenzako au ndugu wa ukoo, nenda, kaa na wafiwa, toa rambirambi yako, shiriki mazishi. Kitabu utakirudia kesho. Mkono wa pole hauna kesho. Ninachosema ni kwamba kuna kuzika na kuna kukesha siku tatu zote. Mtu mzima anayejulikana kwamba anasoma anaweza kuzika, akarudi nyumbani, na hakuna atakayemnung'unikia, mradi alikuwepo saa ya kuzika.

Harusi ni jambo jingine. Vikao vya harusi vinaweza kuchukua kila Jumapili kwa miezi mitatu, kuanzia saa tisa alasiri hadi giza, mnajadili rangi ya vitambaa. Toa mchango wako mapema, tena bila kusumbuliwa, na mwambie mwenyekiti wa kamati kwa heshima: "Kaka, mchango wangu huu hapa, siku ya shughuli nitakuwepo, ila vikao naomba mniwie radhi hadi mwezi wa saba." Anayetoa mapema husamehewa vikao. Anayekimbia vikao na mchango pia ndiye anayesemwa. Kipaimara, ubatizo, maulidi, kumtoa mtoto nje, chagua yale ya watu wa karibu na kwingine tuma zawadi. Na kama wewe ni katibu wa kikoba, mweka hazina wa jumuiya na mlezi wa kwaya kwa wakati mmoja, achia viwili. Kuna watu wanaoweza kuvifanya, na wengine wamekuwa wakingoja nafasi hiyo miaka mingi.

Kazini, andika. Sikuandika, na iliniponza. Mwaka wa kwanza nilimwambia mkuu wangu wa kazi kwa mdomo kwamba nina mtihani juma fulani. Aliitikia kwa kichwa. Juma lilipofika jina langu lilikuwa kwenye zamu, na mkaguzi alikuwa anatarajiwa. Nilikosa mtihani wa somo moja, nikaufanya mwaka uliofuata. Sikuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha. Tangu siku hiyo kila ratiba ya mitihani ilipotoka niliiambatanisha na barua ya kuomba ruhusa, nikaipeleka mapema, na nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Haikukataliwa hata mara moja. Kwa mtumishi wa umma kuna sababu nyingine: ruhusa ya kwenda masomoni ikiwemo kwenye faili lako ndipo sifa mpya itakapokuwa na pa kushika. Wapo waliomaliza, wakapeleka cheti kwa mwajiri, wakaambiwa nafasi ya muundo huo haimo kwenye ikama ya mwaka. Uliza mapema, kabla hujachagua hata kozi.

Ile sheria ya ajira ya 2004 inakupa pia likizo ya mwaka isiyopungua siku 28. Wengi tunaitumia kwenda kijijini kwa mkupuo, na siku za mtihani tunaanza kubembeleza. Zungumza na mwajiri uigawe: majuma mawili ya kijijini, yaliyobaki yakae karibu na mitihani.

Fedha nitasema kwa ufupi, kwa sababu kila mmoja anajua mfuko wake. Ada iliyoandikwa kwenye fomu si gharama ya masomo. Ongeza nauli, bando, kuchapa na kudurufu, safari ya kituo cha mtihani, na kwa mwalimu yale majuma ya mazoezi ya kufundisha ambayo vibarua vya jioni vinasimama. Lipa kwa awamu chuo kikiruhusu, kopa SACCOS ya kazini au kikoba chako, na kaa mbali kabisa na mikopo ya kausha damu. Nimemwona mwalimu mwenzangu akiacha kadi yake ya benki kwa mkopeshaji ili alipe ada ya muhula mmoja. Aliacha masomo, na deni likabaki.

Kuhusu kusoma kwenyewe, lililo kubwa kwetu ni lugha. Mwalimu wa shule ya msingi ya serikali anafundisha kwa Kiswahili mchana kutwa, usiku anafungua moduli ya Kiingereza. Polisi, muuguzi na karani wa kata wanaijua hali hiyo pia. Ukurasa mmoja unausoma mara tatu na bado haujaingia, na saa yako imekwisha. Mimi nilijiokoa hivi. Baada ya kusoma sehemu moja nilifunga kitabu na kumweleza mtu kwa Kiswahili, kwa maneno yangu. Mara nyingi alikuwa mume wangu, akipiga pasi shati la kesho. Nilipokwama katikati ya maelezo nilijua pale pale kwamba hapo sijaelewa, maana katika lugha yako huwezi kujificha nyuma ya neno. Nilirudi kitabuni, nikaeleza tena. Baada ya hapo ndipo nikaandika nusu ukurasa kwa Kiingereza, sentensi fupi fupi. Pembeni nilikuwa na daftari dogo la istilahi: neno, maana yake kwa Kiswahili, na mfano mmoja kutoka darasani kwangu. Mwaka wa mwisho mume wangu alikuwa na uwezo wa kunisahihisha nadharia za ufundishaji, na yeye ni fundi wa magari.

Anza na mitihani iliyopita, si na ukurasa wa kwanza wa moduli. Mtu mwenye saa 12 hawezi kusoma kila kitu kwa uzito mmoja; maswali ya miaka mitano iliyopita yatakuonyesha uzito uko wapi. Na ile barabara ya saa mbili na nusu usiiache ipotee. Kusoma karatasi ndani ya daladala umesimama ni mateso, lakini simu inakurekodi. Alfajiri nilisoma muhtasari wangu kwa sauti, dakika kumi, nikarekodi, kisha nikausikiliza kwa spika za masikioni kutoka Chanika hadi Buguruni, mara mbili au tatu. Sauti yako mwenyewe inakaa kichwani.

Usisome peke yako. Nchi yetu ilishalijua hili zamani. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka 1973 ikaja kampeni ya "Mtu ni Afya", iliyowaweka watu karibu milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio. Walikusanyika kila juma, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana, wakaenda kuchimba vyoo. Walioipanga walijua kwamba mkulima aliyechoka hataamka kwa ajili ya kitabu, ila atakuja kwa kuwa wenzake wanamngoja. Sisi tulikuwa wanne, walimu wawili, muuguzi na askari magereza, kwenye kikundi cha WhatsApp. Sheria ilikuwa moja: kila mtu anafupisha mada moja kwa juma na kuwaeleza wengine kwa sauti. Asiyeleta hapokei. Muuguzi alikuwa anatuma za kwake saa tisa usiku akitoka zamu, na nikizikuta asubuhi nilisimama wima.

Kuna jambo moja la kikundi nalikataa kwa nguvu zote, nalo ni kuandikiwa. Karibu na vyuo wapo watu wanaouza asaimenti na hata utafiti mzima, na mtu aliyechoka ni mteja rahisi. Nakusihi usifanye. Nyumba nzima imekula maharage ya kopo miaka sita ili usome; ukinunua utafiti umewadanganya wao kwanza. Ukiona huwezi kumaliza kwa wakati, ahirisha mwaka. Vyuo vina utaratibu wa kuahirisha, unaandika barua kabla ya tarehe iliyowekwa. Aliyeahirisha anarudi na nafasi yake. Aliyetoweka kimyakimya ndiye anayedisko, yaani anayefutwa chuoni.

Usingizi nao usiufanye benki ya kukopa. Mwaka wa kwanza nililala saa nne kwa usiku nikajiona shujaa, na nikampigia kelele mtoto wa watu darasani kwa kosa la kalamu kudondoka. Wote 60 walinyamaza wakaniangalia. Saa saba, ikishindikana sita, kisha kitabu. Mama mwenye mtoto anayenyonya achukue masomo yasiyofika nusu, au asubiri. Na mwajiri wako anakudai hayo pia, kwamba unaposimama mbele ya watoto au wagonjwa uwe upo kweli.

Kwa wanaume niongeze neno. Kaka zangu, wengi wenu mnasoma vizuri na mnamaliza kabla yetu, na sababu mnaijua. Mkirudi saa tatu usiku chakula kipo, shati limenyooshwa, mtoto amelala. Mwenye kufanya hayo ana ndoto zake pia. Siku ya kujisajili kwako muulize mkeo angependa kusoma nini na lini, uandike kwenye karatasi ileile ya ratiba, chini ya jina lako. Ukimaliza, zamu ni yake, na wewe ndiye utakayechemsha maharage.

Mimi nilimaliza baada ya miaka saba. Binti yangu alirudi ndani ya kumi bora kabla ya mtihani wa darasa la saba, na siku ya mahafali yangu alikuwa ameshafanya mtihani wa kidato cha nne. Yeye ndiye aliyenifunga vifungo vya joho.

Kwa hiyo wewe mwenye fomu mkononi, iweke kwanza. Jioni moja ya juma hili zima televisheni, ita watu wako, chukua karatasi, mpige hesabu ya saa 168 pamoja, na kila mmoja aseme anaweza kutoa zipi na asingependa kupoteza nini. Wakikubali, jaza fomu. Wakisema bado, waelewe na usubiri. Dirisha la udahili hufunguliwa kila mwaka.